Alipona, Hakupona: Frida Kahlo na Picha za Shukrani

Baada ya ajali yangu, neno nililoambiwa mara nyingi kuliko "pole" lilikuwa "shukuru". Shukuru ni mguu tu. Shukuru hukugonga kichwa. Shukuru, yule wa kitanda cha pembeni hana hata mtu wa kumletea uji. Wauguzi walisema, mwenye nyumba wangu alisema, wanafunzi wenzangu waliokuja na machungwa na juisi ya boksi walisema. Nami nilijibu kama nilivyolelewa kujibu: Alhamdulillah. Lakini usiku, hogo likiwa limenibana kutoka pajani hadi vidoleni, na muwasho ukiwa mahali ambapo mkono haufiki, sikuwa na shukrani hata chembe. Nilikuwa na hasira, kisha nikaona aibu kwa kuwa na hasira.

Nasema haya mapema kwa sababu makala haya yanamhusu mchoraji wa Mexico, Frida Kahlo, na sitaki msomaji adhani nimemfikia kupitia darasani. Nilimfikia nikiwa nimelala chali.

Ilikuwa Ijumaa, 14 Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu mchana, nami nilipanda bodaboda Ubungo niwahi futari. Tuligongana na daladala. Sikumbuki mlio wowote. Nakumbuka nikiwa nimelala kwenye maji ya barabarani, na mwanamke mmoja akija mbio. Alikuwa akiuza futari kando ya barabara. Aliacha karai la mafuta jikoni, akavunja ubao wa tenga la nyanya, akaulaza kando ya mguu wangu na kuufunga kwa khanga aliyojitanda. Akaniambia, "Usiuangalie huo. Niangalie mimi." Nikamwangalia mpaka nilipopakiwa kwenye bajaji. Hospitalini waliikata ile khanga kwa mkasi wakaitupa. Muundi ulikuwa umevunjika mara mbili. Yule mwanamke sikumuuliza jina.

Wiki ya tatu, rafiki yangu mmoja aliniletea vitabu ndani ya mfuko wa kitambaa uliochapwa uso wa Frida Kahlo: nyusi zilizoungana, maua kichwani. "Huyu naye alipata ajali," akasema. "Sanaa ikamponya." Alikuwa na nia njema, na kauli hiyo utaikuta kila mahali panapouzwa vikombe na tisheti zenye sura yake. Nilikuwa na muda mwingi na simu yenye bando, nikaanza kusoma na kutazama. Kadiri nilivyotazama ndivyo kauli ile ilivyozidi kunikera. Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikijaribu kuelewa kwa nini, na hapa nataka kuieleza sababu hiyo.

Tuanze na yaliyotokea. Tarehe 17 Septemba 1925, katika Jiji la Mexico, basi alilopanda Kahlo pamoja na mchumba wake Alejandro Gómez Arias liligongwa na tramu ya umeme. Alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa Escuela Nacional Preparatoria, na alikusudia kusomea udaktari. Chuma cha kushikilia ndani ya basi kilimchoma na kupenya nyonga. Uti wa mgongo ulivunjika, pamoja na mbavu, mtulinga na nyonga. Mguu wa kulia, uleule uliokuwa umedhoofishwa na polio alipokuwa na miaka 6, ulivunjika sehemu 11. Alilazwa mwezi mmoja, akarudi nyumbani Coyoacán kulala tena miezi mingi. Mama yake akaagiza kwa seremala kiegemeo cha kuchorea kinachofungwa kitandani. Baba yake, Guillermo, aliyekuwa mpiga picha, alikuwa na sanduku la rangi za mafuta. Kioo kikafungwa juu ya kitanda ili aweze kujiona. Mwaka 1926 akamaliza picha yake ya kwanza ya kujichora mwenyewe, akiwa amevaa gauni la mahameli, akaituma kwa Alejandro.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hufunga hadithi: msichana alivunjika, akachora, akapona. Lakini Kahlo aliishi miaka 28 zaidi, na mwili wake haukutulia. Alivalishwa kozeti za plasta, za ngozi na za chuma. Alipasuliwa tena na tena. Mwaka 1946 mgongo wake ulifanyiwa upasuaji New York. Mwaka 1950 sehemu kubwa ya mwaka aliimaliza hospitalini Jiji la Mexico, kwa sababu mfupa aliopandikizwa mgongoni uliingia maambukizi, akapasuliwa upya mara kadhaa. Agosti 1953 walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Alifariki 13 Julai 1954 akiwa na miaka 47. Ikiwa huku ndiko kuponywa, sijui tuuite nini ugonjwa.

Lugha yetu inanisaidia mahali hapa. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupona, kwa mambo mawili: kunusurika na kurudi kuwa mzima. Aliyeponea chupuchupu ajalini amepona. Aliyeondokwa na homa amepona. Tunapomwambia mtu ashukuru kwa sababu amepona, tunazichanganya maana hizo mbili bila kujua, na mgonjwa anadaiwa shukrani za uzima wakati alichopewa ni uhai tu. Kahlo alipona siku ile ya Septemba. Hakupona hadi alipofariki. Kazi zake bora, kwa maoni yangu, zimekaa katikati ya maana hizo mbili, na ndiyo maana shukrani zilizomo haziwezi kusomwa kwa haraka.

Ajabu ya kwanza niliyokutana nayo ni kwamba hakuwahi kuchora ajali yake kwa rangi za mafuta kama tukio. Upo mchoro mmoja wa penseli wa mwaka 1926, wa mkono wa haraka, wenye basi, tramu na msichana aliyefungwa bendeji kwenye machela. Baada ya huo, mwaka 1929, kuna picha iitwayo El camión, yaani basi: watu wamekaa kwenye benchi, mama wa sokoni na kikapu chake, fundi wa ovaroli, mama anayenyonyesha, bwana mwenye mfuko wa fedha, msichana wa kisasa. Hakuna kilichotokea bado. Ni dakika ya kabla. Mtu aliyewahi kupata ajali anaijua dakika hiyo. Anairudia kichwani kama vile kwa kuiangalia vizuri angeweza kushuka kituo kimoja mapema.

Ili kuelewa kilichofuata, yafaa kueleza aina ya picha ambayo Kahlo na mumewe, Diego Rivera, waliikusanya kwa mamia. Huko Mexico kuna desturi ya Wakatoliki: mtu akinusurika maradhi, moto, ajali au risasi, hupeleka kanisani picha ndogo ya shukrani. Tangu karne ya 19 picha hizo zimechorwa zaidi kwenye vipande vya bati, na mafundi ambao mara nyingi hawakuweka saini. Hapa kwetu neno la karibu zaidi ni nadhiri, ile ahadi ambayo mtu huiweka wakati wa shida na kuitimiza baada ya faraja. Nitaziita picha za nadhiri. Zina sehemu tatu. Juu yupo mtakatifu au Bikira Maria. Katikati limechorwa tukio lenyewe, bila kuficha damu. Chini kuna maandishi: jina la aliyenusurika, tarehe, mahali, kilichompata, na shukrani kwa aliyemwokoa.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu picha yenye maneno chini yake. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Khanga isiyo na jina inaweza kukusitiri vizuri tu, lakini haijasema kitu kwa mtu yeyote. Bibi yangu, nilipomsimulia kuhusu mwanamke wa Ubungo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Khanga yenyewe ilikuwa na jina gani?" Sikujua. Aliniuliza mara tatu kwa siku tofauti, kama mtu anayetumaini kuwa jibu limebadilika.

Nikiwa na picha za nadhiri kichwani nilirudi kwa Kahlo, na nikaona picha tatu zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe kwa muda wa miaka 19.

Ya kwanza ni Mi nacimiento, Kuzaliwa Kwangu, ya mwaka 1932. Ilichorwa kwenye bati, kama picha za nadhiri zilivyo. Mwaka huo Kahlo alipoteza mimba huko Detroit mwezi Julai, na mama yake akafariki Septemba. Ndani ya picha kuna kitanda. Mwanamke amelala, kichwa chake kimefunikwa shuka kama maiti, na kati ya miguu yake kinatoka kichwa cha mtoto mwenye nyusi zilizoungana. Juu ya kitanda imetundikwa picha ya Bikira wa Mateso. Anatazama, analia, hafanyi lolote. Na chini kabisa kuna utepe wa maandishi, umechorwa kikamilifu, mahali hasa ambapo shukrani huandikwa. Utepe ule ni mtupu.

Nilipouona mara ya kwanza kwenye simu nilidhani picha imefifia, nikaikuza. Hapana. Aliandaa mahali pa kusema asante kisha hakusema. Sidhani kama ni kufuru. Ni mtu anayejua adabu ya shukrani, anayeifahamu fomu yake hadi kipimo cha utepe, na anayekataa kuijaza kwa sababu hakuna aliyeokolewa. Kwangu mimi, niliyekuwa nikijibu Alhamdulillah mara 15 kwa siku na moyo mtupu, utepe ule ulikuwa jambo la kweli la kwanza nililokutana nalo tangu ajali. Uliniruhusu kunyamaza.

Picha ya pili ni ya takriban mwaka 1943, nayo Kahlo hakuichora yeye, angalau si yote. Alipata picha ya nadhiri ya fundi asiyejulikana, iliyoonyesha ajali inayofanana mno na yake: basi, tramu, msichana amelala barabarani akivuja damu, na juu mawinguni Bikira wa Mateso, yuleyule wa mwaka 1932. Kahlo aliongeza vitu vichache. Alimchorea msichana nyusi zake. Aliandika kwenye vyombo vile Coyoacán na Tlalpan, kama njia za siku yake. Na chini akaweka maandishi yanayosema kwamba wazazi, Guillermo Kahlo na Matilde, wanamshukuru Bikira wa Mateso kwa kumwokoa mtoto wao Frida katika ajali ya mwaka 1925.

Tazama nani anayeshukuru. Frida hamshukuru mtu hapa. Wazazi ndio wanaoshukuru. Na kufikia 1943 wazazi wote wawili wamekwisha kufa: mama 1932, baba 1941. Kwa simulizi yake mwenyewe ya baadaye, ajali ilipotokea mama alipoteza kauli kwa mshtuko na baba akaugua kwa huzuni. Picha ya nadhiri ambayo familia ingeweza kuipeleka kanisani mwaka 1925 haikupelekwa. Miaka 18 baadaye binti, ambaye kwa imani ya kisiasa alikuwa mkomunisti na si mtu wa kanisa, anawatimizia nadhiri marehemu. Anawapa wazazi wake maneno ambayo mshtuko uliwanyima.

Napenda kuiita kazi hii kitendo cha uponyaji, na ndipo mahali pekee katika makala haya nitakapolitumia neno hilo bila kusita. Mwaka 1943 mgongo wa Frida ulikuwa unazidi kuharibika. Mwaka uliofuata angechora La columna rota, ambamo mwili umepasuliwa katikati, nguzo iliyovunjika imekaa mahali pa uti, misumari imechomekwa uso mzima, na hakuna mtakatifu wala utepe. Kilichotengenezwa mwaka 1943 ni uhusiano. Mtoto aliyekuwa amelala peke yake hospitalini anarudishiwa wazazi wanaosimama chini ya picha, kwa majina yao kamili, wakisema: huyu ni wetu, na tumefurahi hakufa.

Lakini ipo kasoro, na mhakiki asiyeitaja atakuwa anatangaza bidhaa. Kulikuwa na msichana mwingine kwenye bati lile kabla ya nyusi. Alikuwa na ajali yake na watu wake waliomlipa fundi. Jina lake hatulijui. Shukrani ya Frida imeandikwa juu ya shukrani ya mtu mwingine. Nimejaribu kumtetea: kwamba picha za nadhiri zilikuwa zikiuzwa masokoni, kwamba mkusanyaji huokoa vitu vingine vingepotea. Utetezi huo una ukweli, ila msichana yule bado amepotea ndani ya msichana maarufu. Kila mara nikiitazama picha hii nawaza juu ya mwanamke aliyeufunga mguu wangu, ambaye naye amegeuka kuwa mstari mmoja kwenye hadithi yangu.

Picha ya tatu ni ya mwaka 1951: Kahlo na picha ya Daktari Juan Farill, tabibu aliyempasua mgongo mara kadhaa katika kipindi kile kirefu cha 1950 na 1951. Baadhi ya wachambuzi wamekwisha kuonyesha kwamba nayo imefuata mpangilio wa picha ya nadhiri: daktari amechukua nafasi ya mtakatifu. Kahlo amekaa kwenye kiti cha magurudumu, chumba kitupu, blauzi nyeupe. Mbele ya kiegemeo iko sura ya daktari, kubwa kuliko yake. Mkononi mwake ameshika brashi zinazodondosha wekundu. Na ubao wa rangi alioupakata ni moyo wa binadamu, wenye mishipa, kama ulivyochorwa kwenye vitabu vya udaktari ambao hakuusoma.

Watu huona moyo ule wakasema: amemchora daktari kwa upendo. Sawa. Mimi naongeza mambo mawili. La kwanza ni kazi. Katika desturi ya nadhiri aliyeokolewa humlipa fundi amchoree. Hapa aliyeokolewa ndiye fundi. Mtakatifu wake hakushuka kutoka mawinguni. Yupo kwenye kiegemeo, amechorwa kwa mkono wa mgonjwa, na bila mkono huo asingekuwepo. Anayeshukuru hapigi magoti. Amekaa wima, amemaliza kazi, anatutazama sisi. Shukrani inamrudishia hadhi ambayo kitanda cha hospitali humnyang'anya mtu, kwani miezi mingi unapokea tu: unapokea sindano, bakuli, pole, kugeuzwa ubavu. Kutoa kitu kilichotengenezwa na mikono yako ni kuacha kuwa mpokeaji.

La pili ni gharama. Rangi imetoka moyoni, kwa maana ya nyama na damu. Shukrani hii haisemi kwamba maumivu yamekwisha. Inachovya brashi ndani yake. Kahlo alikuwa na mazoea ya kuwalipa fadhila matabibu kwa picha. Mwaka 1940 alijichora kwa ajili ya Daktari Leo Eloesser wa San Francisco, rafiki yake wa miaka mingi, na humo utepe una maandishi ya kumtaja kwa jina na kumwambia anampenda. Utepe uliokuwa mtupu mwaka 1932 ulijazwa pale alipopatikana mtu wa kuandikiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kilichonikera kwenye "shukuru" za wodini. Hazikuwa na anwani. Niliambiwa nishukuru kwa sababu ingeweza kuwa mbaya zaidi, yaani nishukuru kwa kujilinganisha na mwenye bahati mbaya kuliko mimi. Kahlo hafanyi hivyo hata mara moja. Kila shukrani yake ina jina la anayeshukuriwa na jeraha linaloonekana, au damu yake.

Najua yupo atakayesema: basi sanaa haikumsaidia kitu mwilini, tusidanganyane. Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Dawa za maumivu na pombe ziliongezeka, mkono ukapoteza ule utulivu wa zamani, na picha za matunda za 1953 na 1954 zina brashi nzito zisizo na usahihi wa awali. Aprili 1953, maonyesho yake ya kwanza ya peke yake nchini Mexico yalipofunguliwa katika jumba la Lola Álvarez Bravo, madaktari walimkataza kutoka kitandani. Akapelekwa kwa gari la wagonjwa akiwa amelala, akapokea wageni kwenye kitanda kilichowekwa katikati ya picha. Kwenye picha ya matikiti yenye tarehe ya 1954 aliandika, juu ya kipande chekundu kilichokatwa, maneno ya kuusifu uhai. Maneno hayo leo yamechapwa kwenye mifuko kama ule wangu. Wengi huyasoma kama furaha. Mimi nayasoma nikikumbuka kuwa yameandikwa juu ya kitu kilichokatwa kwa kisu, na mtu aliyekatwa mguu mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo sanaa ilimfanyia nini? Nina neno moja tu, na nimelipata Pangani, kwa Bibi, nilikopelekwa kujiuguza hogo likiwa bado mguuni.

Bibi husuka mikeka ya ukindu. Wiki ya kwanza alinivumilia nikiangalia simu. Wiki ya pili aliniwekea fungu la ukindu uliokwisha chanwa na kuanikwa, akasema, "Mume wangu, mikono yako haijavunjika." Mjomba alicheka akauliza kama natafuta kuolewa, maana kwetu ukili ni kazi ya wanawake. Nilisuka kwa ubishi. Ukili wangu wa kwanza ulikuwa mpana hapa, mwembamba pale. Bibi aliushika, akaupitisha vidoleni, akaufumua wote bila kusema neno. Wa pili akaufumua nusu. Wa tatu aliuacha. Nilisuka kila siku baada ya alasiri, pima moja, pima mbili, na nikagundua kuwa muwasho ulikuwepo, maumivu yalikuwepo, hasira nayo ipo, ila vyote vilikaa pembeni vikisubiri zamu, kwa sababu ukili ukiuacha katikati unafumuka.

Jirani mmoja alipopita kunijulia hali alisema, "Pole na mguu." Kabla sijajibu, Bibi alinijibia kutoka jikoni: "Keshapoa." Ni jibu la kawaida kabisa, ukipewa pole, unasema nimeshapoa. Lakini nilikuwa sijapona, hata magongo nilikuwa sijapewa. Nilikuwa nimepoa. Chai hupoa ikiwa bado ni chai, na mtu anaweza kupoa mfupa ukiwa bado umevunjika. Hilo ndilo neno ninalompa Frida Kahlo mahali pa lile la mfuko wa kitambaa. Sanaa haikumponya. Ilimpoza, tena na tena, kila alipokaa mbele ya kiegemeo, na katika poa hiyo aliweza kuwaona waliomshika mkono na kuwataja.

Mfupa wangu uliungwa na madaktari na muda. Hogo lilikatwa, nikatembea kwa magongo, kisha kwa fimbo, sasa nachechemea kidogo wakati wa mvua. Kwa ukili ule Bibi alinifundisha kushika shazia na kushona mkeka. Ni mdogo, wa kukalia mtu mmoja, na taraza yake imepinda upande mmoja. Nilimwuliza nimpe nani. Akaniambia Mungu hazipokei shukrani za asiyewashukuru watu. Niupeleke kwa mwenye khanga.

Niliupeleka Ubungo, mara mbili, jioni. Wauza futari wa Ramadhani hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mama mmoja muuza mihogo alisema anamkumbuka mwanamke mrefu aliyekuwa na meza pale, huenda alihamia Mbezi, huenda alirudi kwao. Mkeka niko nao chumbani. Sikuukalia.

Picha ya nadhiri inataka jina, tarehe, mahali, na kilichotokea. Jina silijui, na siko tayari kumchorea mtu mwingine nyusi zangu ili hadithi ikamilike. Yaliyobaki ninayo, na utepe wangu nitaujaza mpaka pale ninapoweza:

Ubungo, Dar es Salaam, 14 Aprili 2023, kabla ya magharibi. Mwanafunzi mmoja alivunjika mguu wa kushoto, na mwanamke aliyekuwa akikaanga futari aliacha karai lake jikoni, akamfunga kwa khanga yake. Mguu uliunga. Anakushukuru, na anadaiwa khanga.